Kipande cha Angani

Neno kibarua ni mtoto wa neno barua. Hapo kwanza lilikuwa jina la karatasi ndogo aliyopewa mtu wa kazi ya siku, iwe ushahidi kwamba alifika, akafanya, na astahili ujira wake. Baada ya muda jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe. Leo tukisema kibarua hatuikumbuki karatasi. Twamwona mtu ambaye kazi yake huzaliwa asubuhi ikafa jioni. Lugha ilikuwa na macho ilipofanya hivyo. Iliona ya kuwa mtu asiyekuwa na kesho hupunguzwa hata akawa sawa na cheti chake, ikamwita kwa jina la cheti.

Katika kurasa hizi nataka kusema kwamba kibarua amepanda ndege. Hakupanda kama abiria. Ameketi katika kiti cha kulia, amevaa shati jeupe lenye mistari mabegani, na mkono wake uko karibu na usukani wa pili, tayari kuokoa maisha mawili. Namtaja mwalimu mpya wa urubani. Kwa desturi iliyoenea ulimwenguni, na ambayo Afrika ya Mashariki imeipokea bila ya kuihoji sana, mtu huyu mara nyingi hufanya kazi pasipo mshahara wa mwezi, pasipo mkataba wa maana, na hulipwa kwa zile saa tu ambazo injini inanguruma. Dai langu ni kwamba desturi hii humdhulumu mwalimu, humpunja mwanafunzi, na huuhatarisha umma. Tena nadai kwamba hoja zitumikazo kuitetea, ambazo nitazitaja moja moja, hazina miguu ya kusimamia.

Huenda msomaji akauliza mwalimu wa lugha ana haki gani kuingia katika mambo ya ndege. Sijapata kushika usukani wa ndege, wala sitazamii. Haki yangu ni neno moja tu, mwalimu. Neno hili ni mali ya wote wafundishao, na likidharauliwa mahali pamoja hushuka thamani kila mahali.

Jambo lenyewe sikulitafuta. Lilinijia Bulwa, katika Usambara ya Mashariki, ambako nilikwenda wakati wa likizo kwa shughuli za jamaa. Bulwa ni nchi ya chai. Mashamba yake hupakana na misitu ya Amani, ambako Wadachi waliweka chuo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na ambako tangu mwaka 1997 pana hifadhi ya mazingira asilia. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huikuta milima hii imesimama ghafula mbele yake. Hupanda, hupoa, zikawa wingu. Kwa hiyo asubuhi nyingi mtu wa Bulwa haoni mti ulio hatua hamsini kutoka mlangoni pake.

Asubuhi moja ya namna hiyo alikuja kunisalimu kijana wa jirani, ambaye nilimjua tangu alipokuwa mtoto wa shule ya msingi. Wazazi wake waliuza ng'ombe na sehemu ya shamba, ndugu wakachanga, akapelekwa nchi ya jirani kusomea urubani. Alifaulu. Akaongeza masomo ya kufundisha urubani, akafaulu tena, na shule moja ya huko ikampokea awe mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uko nyumbani? Umepewa likizo?"

"Si likizo, Mwalimu. Nimeambiwa nisubiri. Wanafunzi wakipatikana nitaitwa."

"Na mshahara wako katika kusubiri?"

"Hapana mshahara. Nalipwa kwa saa ninazoruka na mwanafunzi. Nisiporuka sina kitu." Kisha akageuka akautazama ukungu uliokuwa umeziba mlango, akasema pasipo hasira, "Siku kama hii, kwangu mimi, ni siku ya njaa."

Wakati ule ule wachumaji wa chai walikuwa kazini. Tulisikia sauti zao tusiwaone. Nao hulipwa kwa kipimo, kwa kilo za majani yaliyofika mizanini, wala maisha yao si ya kuonewa wivu. Lakini ukungu ni rafiki wa chai. Ndio ulishao yale majani mawili na chipukizi lake. Nikaona ajabu ya mambo: ukungu mmoja ulikuwa ukimletea kilo mtu asiyepata kusoma sana, na kumnyang'anya chakula mtu aliyesomeshwa kwa ng'ombe na shamba. Tokea siku ile nimekuwa nikiuliza, nikisoma na kusikiliza, na niliyoyapata ndiyo nayaandika.

Milima hii inazo habari zake za kazi ya kuhesabiwa. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo sasa ni Lushoto, serikali ya Wadachi iliwatolea wanaume wa Kishambaa kadi ya kazi. Kila mmoja ilimpasa atumike siku 30 kwa mlowezi katika muda wa miezi 4, ama sivyo atiwe katika kazi za serikali. Baadaye, zama za Waingereza, kipande cha siku 30 kilikuwa mashuhuri katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Siku iliyofanyiwa kazi ilitiwa alama, siku isiyofanyiwa haikutiwa, na hesabu ya ujira ilingoja kadi ijae.

Sisemi kwamba daftari la rubani ni sawa na kadi ile. Kadi ya mwaka 1907 ilikuwa shuruti ya mtawala juu ya mtawaliwa; kijana wa leo huingia urubani kwa hiari yake, tena kwa gharama kubwa. Mwenye kuzichanganya hizi mbili huwakosea heshima wazee waliobeba ile ya kwanza. Lakini ziko sawa katika jambo moja, nalo ndilo nililolifuata. Zote mbili huhesabu muda ambao mwili wa mtu ulikuwa mahali fulani. Hazihesabu kazi iliyotendeka. Na mtu akizoea kuhesabiwa hivyo, hujihesabu mwenyewe hivyo.

Tutazame basi ngazi anayoipanda rubani. Mapatano ya Chicago ya mwaka 1944, ambayo nchi zetu zote zimo ndani yake, yana kiambatisho kuhusu leseni. Kiambatisho hicho chataka saa 40 za kuruka kwa leseni ya rubani binafsi, saa 200 kwa leseni ya rubani wa biashara (au 150 kwa aliyepitia mafunzo yaliyoidhinishwa), na saa 1,500 kwa leseni ya juu, ile ya rubani wa usafiri wa anga, ambayo nahodha wa ndege kubwa hana budi kuwa nayo. Baina ya 200 na 1,500 pana bonde la saa 1,300. Kijana aliyemaliza fedha za wazazi wake atalivukaje bonde hilo? Ndege ya kukodi ni ghali, na mashirika hayamtaki mwenye saa 200. Njia iliyo wazi kuliko zote ni kufundisha, kwa maana saa anazoruka mwalimu pamoja na mwanafunzi huandikwa pia katika daftari la mwalimu. Basi anafundisha ili apate saa. Na mwenye shule anajua kwamba anafundisha ili apate saa. Humo katika kujua huko ndimo biashara yote ilimojengwa: mwalimu ni mtu mwenye shida na saa, na mwenye shida na saa huweza kulipwa saa badala ya shilingi.

Marekani imetuonyesha jambo hili kwa ukubwa wake. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya shirika la Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Bunge la huko likatunga sheria mwaka 2010, na kanuni iliyofuata mwaka 2013 ikataka hata rubani msaidizi wa shirika awe na leseni ya juu, ambayo kwa walio wengi ni saa 1,500. Zamani rubani msaidizi aliweza kuingia kwa saa 250. Nia ilikuwa njema, lakini bonde likawa pana kwa vijana maelfu kwa mara moja, na shule zikajaa walimu ambao macho yao yako mlangoni. Leo mwanafunzi wa Marekani huweza kuanza kozi na mwalimu mmoja, akaendelea na wa pili, akamaliza na wa tatu. Mtindo huo umetufikia sisi nasi, pamoja na vitabu vya mafunzo na ndege za Cessna.

Lakini mwalimu mpya anavyo vituo vingine vya safari yake, na hivi ndivyo vya ualimu wenyewe. Kipo cha mwanafunzi wa kwanza. Kipo cha siku anapoacha kuuvamia usukani kila ndege inapoyumba, akajifunza kuiweka mikono magotini na kumwacha mwanafunzi akosee kidogo ili ajue kurekebisha. Huko Ulaya mwalimu mpya hufundisha chini ya uangalizi mpaka atimize saa 100 za kufundisha na awe amesimamia wanafunzi waliporuka peke yao mara zisizopungua 25. Na hiki cha kuruka peke yake ndicho kilele. Mwalimu hushuka, hufunga mlango, husimama kando ya kiwanja. Ndege iliyopungukiwa na uzito wake hupaa upesi kuliko alivyozoea mwanafunzi. Huzunguka kiwanja mara moja, hurudi, hutua. Kwa dakika hizo chache mwalimu hana usukani, hana la kutenda ila kutazama. Yote aliyoyafundisha yako angani pasipo yeye. Sijui mtihani wa ualimu ulio mkubwa kuliko huo. Sisi wa madarasani hatujapata kuwekewa mizani kama hiyo.

Sasa msomaji na alitie akilini hili. Dakika zile haziandikwi katika daftari la mwalimu, kwa sababu hakuwamo ndani ya ndege. Na pale alipwapo kwa saa za kuruka kwake tu, hata ujira wake hazina. Kilele cha kazi yake katika hesabu ya kazi yake ni sifuri. Kadhalika ni sifuri saa anayoitumia ubaoni kabla ya kuruka, akieleza kwa nini bawa huacha kubebwa na hewa. Ni sifuri muda wa kuikagua ndege pamoja na mwanafunzi, mafuta, magurudumu, rafadha. Ni sifuri mazungumzo ya baada ya kutua, ambamo kosa hugeuzwa kuwa maarifa. Saa moja ya angani hudai saa mbili za ardhini, pengine na zaidi. Kipande cha angani huona ile moja tu.

Hayo ni dhuluma kwa mwalimu. Yaliyo mabaya zaidi yanafuata. Katika urubani neno zito kuliko yote ni "leo haturuki". Wingu limeshuka, upepo umekata njia ya kurukia, injini imetoa sauti isiyoeleweka, mwanafunzi hakulala usiku. Aliyepewa mamlaka ya kulitamka neno hili ni mwalimu. Ninyi wasomi wa sheria hamkubali hakimu awe na fedha yake katika kesi anayoikata; mngempinga hata kama ni mtu mwaminifu, kwa kuwa mwasema haki haitoshi kutendeka tu. Mbona basi twakubali kwamba mwamuzi wa wingu na upepo awe ndiye atakayelala na njaa akiamua kutoruka? Wazee walisema mwenye njaa hana miiko. Hawakusema mwenye njaa ni mwovu. Walisema miiko yahitaji tumbo.

Simshitaki mwalimu ye yote kwamba alipaa akitamani fedha. Naamini walio wengi hukataa kupaa, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Lakini mpango mwema ni ule usiomdai mtu awe shujaa kila Jumatatu. Na kiti kile si cha mchezo. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ndogo ya mafunzo, Cessna 172, iligongana angani na ndege ya abiria juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Ndege ya abiria ilirudi uwanja wa Wilson salama. Wawili waliokuwamo katika ile ndogo, mwanafunzi na mwalimu, walikufa. Simlaumu mtu kwa habari hii, wala siihusishi na ujira wa mtu. Naitaja ili msomaji aikumbuke bei ya kiti cha kulia, kisha aniambie kama ni kiti cha kibarua.

Nazijia hoja za wapinzani.

Hoja ya kwanza yasema: kufundisha urubani ni daraja tu, hakuna anayekusudia kukaa hapo, basi mkataba wa nini? Najibu kwamba daraja nalo hujengwa kwa mawe. Apitaye juu ya daraja hili si mwalimu peke yake. Mwanafunzi apita pia, na nyuma ya mwanafunzi wapita abiria wa miaka ijayo. Tena hoja hii yachukua tokeo ikaiita sababu. Watu hawakai kwa kuwa hapakaliki. Uwanja wa Wilson uko kiasi cha futi 5,500 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, na ndege hudai mbio ndefu kabla ya kupaa. Mvua zetu zina tabia zake, na milima yetu, Usambara ikiwa mmojawapo, ina mawingu yake. Maarifa ya mambo haya hayamo yote vitabuni. Hukaa ndani ya watu waliokaa. Thomas Campbell Black, rubani mkuu wa Wilson Airways iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929, alimfundisha Beryl Markham, na Markham mwaka 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi. Wale walikuwa walowezi wa zama zao, wala sizitamani zama hizo. Lakini mwalimu yule alikuwa amekwisha kuzijua njia za hewa za nchi hii, naye hakufundisha huku akihesabu siku za kuondoka.

Hoja ya pili yasema: shule ni maskini, mafuta ni ghali, vipuri hutoka ng'ambo, ndege ikikaa chini hakuna kinachoingia, basi mwalimu alipwe na nini? Hii ndiyo hoja yenye uzito, na sitaki kuipuuza. Ni kweli shule za urubani zapitia shida. Walakini tuangalie mzigo umegawanywaje. Bima ya ndege hulipwa mvua inyeshe isinyeshe. Kodi ya banda la ndege hulipwa kuwe na mwanga au giza. Mkopo ulionunua ndege haungoji ukungu uondoke. Mwenye shule huyakubali hayo yote kuwa ni gharama za biashara, akayatia katika ada ya mwanafunzi. Kwa nini basi hatari ya hali ya hewa, peke yake, itolewe katika hesabu ya shule ikatiwa mfukoni mwa mtu aliye maskini kuliko wote pale kiwanjani? Kama ndege inastahili bima kwa siku ambazo hairuki, mwalimu naye anastahili mkate.

Hoja ya tatu yasema: dhiki humkomaza kijana, na mvumilivu hula mbivu. Naipenda methali hii, wala siikani. Lakini mvumilivu hula mbivu palipo na mti. Aliyeambiwa ajiandae kuitwa, asijue lini, asijue kama ataitwa, hakupewa mti wa kungojea. Tena hesabu ya dhiki yetu ina historia. Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, lilikufa mwaka 1977, na watu wa anga wa nchi tatu wakaona jinsi kazi inavyoweza kutoweka. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalizilaza ndege chini dunia nzima. Urubani una mishtuko yake mikubwa ambayo hakuna mkataba uwezao kuizuia yote. Hiyo ndiyo sababu ya kutoongeza mishtuko midogo ya kila wiki kwa mikono yetu wenyewe.

Hoja ya nne ni ya wajanja. Yasema: mtu huyu si mwajiriwa, ni mkandarasi huru, amekubali mwenyewe. Hapa nauliza: uhuru wake uko wapi? Ndege si yake. Saa za kufika hupangiwa. Mwanafunzi hupewa, hamchagui. Mtaala ni wa shule, nembo begani ni ya shule. Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 61, iliyaona haya mapema. Yasema kwamba mtu hudhaniwa kuwa mwajiriwa likipatikana hata jambo moja katika yale iliyoyataja: namna afanyavyo kazi iko chini ya maelekezo ya mwingine, saa zake zasimamiwa na mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi anayoitumikia, amefanya kazi kwa mtu yule wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, amtegemea mtu huyo kwa riziki, hupewa na mtu huyo zana za kazi, au humtumikia mtu mmoja tu. Kijana wa Bulwa alikuwa katika nchi nyingine, yenye sheria zake; lakini mzani huu ni wa akili kabla ya kuwa wa nchi. Mtu ambaye zana yake ya kazi ni ndege ya mwingine, akiitwa mkandarasi huru, lugha imepindwa. Na lugha ikipindwa mahali pamoja, mimi na wenzangu wa kazi hii hatuna udhuru wa kunyamaza.

Basi nataka nini? Sitaki makubwa. Kwanza, mwalimu mpya apewe mkataba ulioandikwa, wa muda usiopungua mwaka mmoja, wenye mshahara wa msingi wa kila mwezi. Saa za kuruka ziwe nyongeza juu ya msingi huo. Pili, saa za ardhini zihesabiwe na kulipwa, kwa kuwa ndizo zilizo darasa lenyewe. Tatu, siku ambayo mwalimu ameiahirisha safari kwa ajili ya usalama asipunguziwe kitu, wala asiulizwe mara mbili. Nne, pawe na cheo cha mwalimu mkuu wa urubani chenye heshima na malipo, ili apendaye kufundisha aweze kuzeeka katika kufundisha, asionekane kuwa ameshindwa kwenda kwingine.

Haya si ndoto. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilianzisha shule ya urubani Soroti, Uganda, kwa faida ya nchi tatu. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977 na shule ikabaki mikononi mwa Uganda, lakini wazo lililoizaa lilikuwa sahihi: kwamba kumfunza rubani ni shughuli ya umma, kama kumfunza mganga. Tanzania ilifufua shirika lake la ndege mwaka 2016 kwa kununua ndege mpya, na mwaka 2018 ikapokea Dreamliner yake ya kwanza. Tulizipokea kwa ngoma na maji ya kuzioshea. Sijasikia ngoma kwa ajili ya mwalimu. Ndege hununuliwa na hufika kwa siku moja; mwalimu wa kumfunza rubani wa ndege hiyo hafiki kwa siku moja, wala hanunuliki. Mamlaka ya Usafiri wa Anga hukagua ndege, hukagua shule, hukagua daftari la mwalimu. Napendekeza ikague na mkataba wake, kwa kuwa mkataba nao ni chombo cha usalama, kama breki.

Kabla sijaweka kalamu chini nina neno kwa wenzangu wa vyuo. Msimwonee huruma mwalimu wa urubani kama mtu wa mbali. Katika kumbi zetu wenyewe wamo wahadhiri wa muda, walipwao kwa kipindi. Kusahihisha hakuhesabiwi, kumshauri mwanafunzi koridoni hakuhesabiwi, na muhula ukiisha huambiwa wasubiri, wataitwa. Nao wana kipande chao, ila hakina injini. Tofauti ni kwamba kosa la darasani halianguki chini mara moja. Huchukua miaka, tena huanguka mbali, wala hapana anayekuja kuchunguza mabaki.

Ukungu wa Bulwa uliondoka saa nne. Wachumaji wakaonekana mstarini, na kijana akaaga, akasema atateremka Muheza kutafuta kazi ya kufundisha hesabu katika shule ya binafsi, mpaka aitwe. Nilimwuliza kama atafundisha hesabu vizuri huku akisikiliza simu. Akafikiri, kisha akajibu, "Nitajitahidi, Mwalimu." Naamini atajitahidi. Lakini kazi ya kumwezesha mwalimu asifundishe na sikio moja likiwa mlangoni si yake yeye. Ni yetu sisi tulioridhika kuupanda ujuzi wake bila ya kuulipia. Mwenye hoja iliyo kinyume na hii na ailete. Nitaisoma kwa heshima, na nitaijibu.